Moyo Unapokosa Mwendo Wake: Imani na Dawa kwa Wanaoishi na Mapigo ya Moyo Yasiyo na Mpangilio

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za huku Wazo, Tegeta na Boko yapo malalamiko ambayo sisi mapadre huyasikia mara kwa mara, ama tunapowatembelea wagonjwa, ama tunapowaaga waamini mlangoni baada ya Misa Takatifu: “Padre, moyo unanienda mbio, halafu unaacha wenyewe.” Anayesema hivyo huongeza kwamba amepima malaria, haipo, amepima presha, ipo kidogo, ameombewa, hali ikatulia wiki mbili, kisha ikarudi. Wapo wanaoambiwa kuwa wamerogwa, wapo wanaoambiwa kuwa wana mapepo, na wapo wanaoambiwa kuwa ni mawazo tu. Wachache mno ndio waliokwisha kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Naandika makala hii si kama daktari, kwa maana sikusomea udaktari, bali kama mchungaji wa roho ambaye pia ni mgonjwa. Miaka sita iliyopita, katika Misa ya alfajiri siku ya kazi, nikiwa katikati ya Sala ya Ekaristi, moyo wangu ulianza kupiga ovyo: mapigo matatu ya haraka, kimya kidogo, pigo moja zito, kisha mfululizo usio na hesabu, mithili ya samaki aliyetupwa mchangani. Niliushika ukingo wa altare nikanyamaza. Baadaye waamini waliniambia kwamba walidhani nimezama katika tafakari. Nilipofika hospitali saa tatu baadaye, moyo ulikuwa umetulia, kipimo kikaonesha hali ya kawaida, na nikaambiwa nipumzike, nisiwaze sana. Nilifurahi, na furaha ile ndiyo ilikuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu niliyachukua maneno yale kama cheti cha kupona.

Hali ile ilirudi mara nne katika mwaka uleule. Nimejifunza kwamba ugonjwa unaokuja na kuondoka una majaribu mawili: unapoondoka, tunausahau kana kwamba haukuwapo, unaporudi, tunaingiwa na hofu kana kwamba mauti yamefika. Neno ninalotaka kulisema katika makala hii ni hili: mwenye maradhi ya namna hii huokolewa na uaminifu wake katika zile siku ambazo hasikii chochote. Na uaminifu huo wa kidonge, wa kliniki na wa daftari haushindani na sala, bali ni sehemu ya utii wetu kwa Mungu aliyetupa uhai.

Moyo una umeme wake

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, yaani takriban mara 100,000 kwa siku. Amri ya kupiga haitoki katika ubongo. Inatoka ndani ya moyo wenyewe, katika chembe ndogo za chumba cha juu cha kulia, zinazotoa umeme hafifu kwa mpangilio. Umeme huo husambaa katika vyumba viwili vya juu, husubiri kidogo katika kituo kilicho katikati ya moyo ili damu ipate kushuka, kisha huteremka katika vyumba viwili vya chini, vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini kote.

Mwanadamu hakuijua siri hii mpaka miaka michache iliyopita tukilinganisha na umri wa dunia. Kile kituo cha katikati kilielezwa mwaka 1906 na Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akifanya utafiti Ujerumani. Chanzo chenyewe cha mapigo kilielezwa mwaka 1907 na watafiti wawili wa Uingereza, Arthur Keith na mwanafunzi wa udaktari Martin Flack, ambaye alikiona kwanza katika moyo wa fuko, yule mnyama mdogo anayechimba chini ya ardhi. Katika miaka hiyohiyo Willem Einthoven wa Uholanzi alitengeneza mashine ya kuandika umeme wa moyo. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi ili umeme upite. Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Leo kipimo hichohicho, kiitwacho ECG, kinafanywa kwa dakika chache na mashine inayobebwa mkononi.

Umeme huo ukienda kombo, moyo hukosa mwendo wake, na namna za kukosa ni nyingi. Kuna pigo moja la ziada linaloruka, ambalo watu wengi wenye afya hulipata bila madhara, hasa wakiwa na uchovu. Kuna mapigo ya mbio yenye mpangilio, yanayoanza ghafla na kukoma ghafla kama taa inayozimwa. Kuna mapigo ya polepole mno, yanayomfanya mgonjwa azirai. Na kuna ule niliokutwa nao mimi, mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ambao katika karatasi za hospitali huandikwa AF. Katika hali hiyo vyumba vya juu haviminyi damu tena, bali vinatetemeka tu, na vyumba vya chini hupokea amri za ovyo zisizo na utaratibu.

Vyanzo vinavyopatikana kwetu

Chanzo cha kwanza kinachostahili kutajwa ni shinikizo la damu. Moyo unaosukuma dhidi ya nguvu kubwa kwa miaka mingi hutanuka, na vyumba vyake vya juu hupoteza utaratibu. Mtu anayesema “nina presha kidogo” na hanywi dawa anaandaa ugonjwa wa pili bila kujua.

Chanzo cha pili huanza utotoni, nacho huwapata hasa watoto wa familia zinazobanana katika nyumba chache. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya bakteria waitwao streptokoka, koo halitibiwi ipasavyo, na wiki chache baadaye mwili wake wenyewe hushambulia viungo na milango ya moyo, ile iitwayo valvu. Mtoto hukua, valvu hukakamaa na kubana, na anapofika umri wa miaka ishirini au thelathini vyumba vya juu huanza kupapatika. Ndiyo maana huku kwetu mpapatiko huu si ugonjwa wa wazee peke yao. Kina mama, koo la mtoto linalouma pamoja na homa lipelekwe kituo cha afya. Dawa ya penisilini inayotolewa kwa wakati huweza kuuokoa moyo wa mtoto huyo.

Vyanzo vingine ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, kisukari, unene uliozidi na pombe. Ulevi wa siku mbili za sherehe unatosha kuupapatisha moyo wa kijana asiye na historia yoyote ya maradhi. Kukosa usingizi na kukaukiwa maji katika joto la Dar es Salaam nako huamsha mapigo kwa wale ambao tayari wanayo. Wengine huamshiwa na mirungi, kahawa nyingi au vinywaji vya kuongeza nguvu.

Hatari iliyo kimya

Mgonjwa huogopa mapigo, ilhali hatari kubwa mara nyingi ipo mahali pengine. Damu isiyosukumwa vizuri katika chumba cha juu hutuama, na damu inayotuama huganda. Bonge dogo likichomoka hupanda hadi kwenye ubongo na kuziba mshipa, na hicho ndicho kiharusi. Utafiti mashuhuri wa mji wa Framingham nchini Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991, ulionesha kwamba mpapatiko huu huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano. Mwenye valvu iliyobana yumo katika hatari kubwa zaidi ya hiyo.

Jambo hili linatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Utafiti uliofanyika nchini mwetu kati ya mwaka 2003 na 2006, ukachapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulilinganisha Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, waliopata kiharusi kwa mwaka walikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kule Hai, na takriban 316 hapa Dar es Salaam. Shinikizo la damu ndilo linalobeba lawama kubwa, lakini moyo usio na mwendo ni mshirika wake.

Kwa hiyo mdomo ukipinda ghafla, mkono au mguu mmoja ukikosa nguvu, maneno yakikoroga, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Apelekwe vilevile mara moja mtu ambaye mapigo yake yamekuja pamoja na kuzirai, maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Tusianze kwa kumpaka mafuta na kumfanyia maombi ya saa tatu. Sala inaweza kusaliwa ndani ya gari kuelekea hospitali, na Mungu anaisikia.

Kumkamata mwizi akiwa ndani

Ugumu wa maradhi haya ni kwamba ukifika hospitali mwizi ameshaondoka. Toka Wazo hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 20, na kwa foleni ya Barabara ya Bagamoyo moyo unaweza kutulia kabla hujafika Mwenge. Kwa hiyo yafaa mgonjwa ajifunze mambo matatu.

La kwanza ni kuhesabu mapigo. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono wa pili, upande wa chini ya kidole gumba. Tulia, tazama saa, hesabu kwa dakika nzima. Angalia mambo mawili: idadi, na kama mapigo yanafuatana sawasawa au yanarukaruka. Zoezi hili linaweza kufundishwa katika mkutano wa Jumuiya kwa muda wa robo saa.

La pili ni daftari. Andika tarehe, saa, idadi ya mapigo, muda yaliodumu, ulichokuwa ukifanya, ulichokula au kunywa, na dawa ulizotumia. Daktari wangu aligundua kutoka katika daftari langu jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona: mara tatu kati ya nne moyo ulinipapatika siku iliyofuata mkesha.

La tatu ni kupimwa wakati jambo linatokea. Ulizia mapema ni kituo gani kilicho karibu nawe chenye ECG, ili siku ya tukio uende huko moja kwa moja, na uombe nakala ya karatasi uihifadhi. Karatasi moja iliyochukuliwa wakati wa tukio humfaa daktari kuliko kumbi za vipimo vilivyochukuliwa moyo ukiwa shwari. Ikishindikana, kipo kifaa kidogo kinachovaliwa kifuani kwa saa 24 au zaidi, kinachoandika kila pigo. Mimi nilikivaa mara mbili. Mara ya kwanza hakikuona kitu. Mara ya pili kiliandika dakika arobaini za mpapatiko nikiwa usingizini. Kipimo kimoja kilicho safi hakikufuti wewe katika orodha ya wagonjwa ikiwa dalili zinarudi. Rudi tena, ukaseme tena, kwa heshima na bila aibu.

Pamoja na hivyo, daktari ataagiza picha ya moyo iitwayo ECHO ili aone valvu, na kipimo cha damu cha tezi ya shingo. Wakazi wa huku kwa kawaida huanzia zahanati au hospitali ya karibu, hupewa rufaa kwenda Mwananyamala, na ikihitajika hufikishwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kwa ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa ipo Hospitali ya Rufaa ya Bugando mjini Mwanza, inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Zamani mgonjwa wa moyo alisubiri safari ya India; leo upasuaji wa moyo na uwekaji wa kifaa cha kusaidia mapigo, ambacho wengi hukiita betri ya moyo, vinafanyika hapa nyumbani.

Dawa na nidhamu yake

Matibabu ya mpapatiko yana makusudi matatu. Kusudi la kwanza ni kupunguza kasi ya mapigo, kwa dawa kama atenolol, bisoprolol au digoxin. La pili, kwa wagonjwa watakaochaguliwa na daktari, ni kuurudisha mwendo wa kawaida, kwa dawa au kwa njia ya waya mwembamba unaopitishwa katika mshipa hadi moyoni na kuunguza sehemu ndogo inayotoa umeme wa ovyo. La tatu, ambalo ndilo linalookoa maisha ya wengi, ni kuzuia damu isigande. Si kila mgonjwa anahitaji dawa hiyo ya tatu. Daktari hupima umri, shinikizo la damu, kisukari, hali ya valvu na historia ya kiharusi ndipo aamue. Aspirini haichukui nafasi yake, ingawa wengi wanaamini hivyo.

Dawa ya kuzuia damu kuganda inayotumika zaidi kwetu ni warfarin. Ikitumiwa vizuri hupunguza viharusi vinavyotokana na mpapatiko kwa takriban theluthi mbili. Zipo dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu mara kwa mara, lakini utafiti mkubwa uliofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na kuchapishwa mwaka 2022 ulionesha kwamba kwa wagonjwa wenye mpapatiko pamoja na valvu zilizoharibiwa na ugonjwa ule wa koo la utotoni, dawa za jamii ya warfarin ziliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya ya rivaroxaban. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba dawa ya zamani ni dawa ya maskini.

Hata hivyo warfarin inadai nidhamu. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Ndiyo maana hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa mwenye mpapatiko kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Mboga zetu za majani, yaani mchicha, matembele na kisamvu, zina vitamini K inayoipunguza nguvu. Hukatazwi kuzila, unatakiwa ule kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Usile kisamvu kila siku mwezi huu na kukiacha kabisa mwezi ujao.

Hatari nyingine ipo duka la dawa. Flagyl tunayoinunua tumbo likiuma, Septrin, dawa ya fangasi ya fluconazole, na vidonge vya maumivu kama diclofenac, vyote vinaweza kumfanya mtumiaji wa warfarin avuje damu. Dawa za mitishamba tusizozijua kiasi chake zina hatari hiyohiyo. Kabla ya kumeza kitu chochote kipya sema: “Natumia warfarin.” Na mama aliye katika umri wa kuzaa azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba, kwa sababu dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha ghafla kunaweza kumdhuru mama. Wote wawili wana haki ya kulindwa.

Kwa wale wenye mapigo ya mbio yenye mpangilio, yanayokoma ghafla, ipo njia isiyo ya dawa ambayo daktari anaweza kuwafundisha. Mgonjwa akiwa ameketi nusu-kulala hupuliza kwa nguvu ndani ya bomba la sindano kwa sekunde 15, kisha hulazwa chali na miguu yake kuinuliwa kwa sekunde 15 nyingine. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kwamba njia hii iliwatuliza wagonjwa 43 kati ya kila 100, ikilinganishwa na 17 kwa namna ya zamani isiyo na kuinua miguu. Haitibu mpapatiko wa vyumba vya juu, na hairuhusiwi kwa kila mtu, kwa hiyo ifundishwe na daktari kwanza.

Mti uliopita mikononi mwa Kanisa

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini, kwamba mwenye busara hazidharau, na kwamba mgonjwa amwombe Mungu kisha ampe nafasi tabibu. Mafundisho hayo yana mfano halisi unaouhusu moyo.

Katika karne ya 17 wamisionari Wajesuiti waliotoka Peru walileta Ulaya gome la mti wa mkwinini, na Kardinali Juan de Lugo, Mjesuiti Mhispania, aliligawa kwa wagonjwa wa homa mjini Roma. Kutokana na gome hilo ikapatikana kwinini, iliyowaokoa wagonjwa wa malaria wasiohesabika. Mti huo ulipandwa hata kwetu, huko Amani katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Sasa, mwaka 1912, mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwendea daktari Karel Frederik Wenckebach akimwambia kwamba yeye huituliza mapigo yake ya ovyo kwa kumeza kwinini. Daktari hakuamini. Mgonjwa akarudi kesho yake mapigo yakiwa yamenyooka. Wenckebach aliandika habari hiyo mwaka 1914, na kutoka hapo ikazaliwa moja ya dawa za kwanza za kunyoosha mwendo wa moyo.

Lakini gome hilohilo lina upande wa pili: kwinini inaweza pia kuuvuruga moyo. Kwa hiyo mwenye maradhi haya akiugua malaria amweleze mhudumu hali ya moyo wake kabla hajaandikiwa dawa. Zawadi ya Mungu huhitaji kipimo na maarifa, la sivyo hugeuka kuwa madhara.

Sala, mfungo na Sakramenti

Yupo mama mmoja wa Jumuiya yetu aliyeniruhusu niseme habari yake bila jina. Alikuwa na valvu mbovu na alitumia warfarin kwa miaka minne. Alihudhuria maombi fulani ya uponyaji, akasikia mwilini joto na amani kubwa, mapigo yakatulia, na akaambiwa kwamba kuendelea na vidonge ni kumtilia Mungu shaka. Akaviacha. Wiki ya tano alipata kiharusi. Leo anatembea kwa fimbo na anazungumza kwa shida, na aliponiomba niandike makala hii alisema neno moja nililolisikia vizuri: “Waambie wasiache.”

Sikatai kwamba Mungu huponya. Kanisa linaamini hivyo na huomba hivyo kila siku. Lakini uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Aliyeponywa arudi kwa daktari, apimwe, na daktari ndiye amwondolee dawa. Bwana wetu aliwatuma wakoma waliotakasika wakajioneshe kwa makuhani, ambao wakati ule ndio waliokuwa na mamlaka ya kuthibitisha. Mahubiri yanayomwondolea mgonjwa kidonge bila kumpima yanamjaribu Mungu, nasi mapadre na makatekista tusinyamaze tunapoyasikia.

Kuhusu mfungo, waamini wengi huacha dawa za asubuhi kabla ya Misa au wakati wa Kwaresima. Haitakiwi. Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inatutaka tujizuie na chakula na kinywaji kwa saa moja kabla ya Komunyo Takatifu, lakini maji na dawa haviuvunji mfungo huo, na wazee, wagonjwa pamoja na wanaowahudumia wanaweza kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Kanuni ya 1252 inaweka umri wa wanaobanwa na sheria ya kufunga, na ugonjwa ni sababu halali ya kusamehewa. Mwenye dawa anayetaka kushiriki toba afunge ulimi, afunge hasira, afunge pombe. Vilevile mkesha si lazima kwa kila mtu. Mimi mwenyewe sasa hulala mchana kabla ya Mkesha wa Pasaka, na mikesha mingine nimewaachia wenzangu wenye nguvu. Haikuwa rahisi kwangu kukubali jambo hilo.

Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa nao si Sakramenti ya wanaokata roho peke yao. Katekisimu, namba 1514 na 1515, inafundisha kwamba hutolewa kwa aliyeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na kwamba unaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya au kabla ya upasuaji mkubwa. Tusisubiri. Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992 na kuadhimishwa kila tarehe 11 Februari, ni nafasi nzuri ya kuuomba.

Wakati mwingine waamini huniuliza kama mapigo yao ni ishara ya Roho Mtakatifu. Huwakumbusha Mtakatifu Filipo Neri, aliyefariki Roma mwaka 1595, ambaye walioandika maisha yake wanasimulia kwamba moyo wake ulidunda kwa nguvu tangu Pentekoste ya mwaka 1544, na kwamba baada ya kifo chake madaktari walikuta mbavu zake mbili zimetanuka. Utakatifu wake Kanisa liliupima kwa upendo aliokuwa nao kwa maskini na vijana wa Roma. Hali kadhalika, mapigo mabaya si alama ya dhambi. Moyo ambao Maandiko yanausema, kiti cha nia na upendo, unaweza kuwa mzima kabisa ndani ya kifua ambacho nyama yake inapapatika.

Kuishi nao

Bado ninao. Hurudi mara mbili au tatu kwa mwaka. Ukija, nakaa chini, nahesabu, naandika, na nikiwa peke yangu nampigia simu mtu. Kidonge changu nakimeza baada ya Masifu ya Asubuhi, kimewekwa juu ya Kitabu cha Sala ili nisikisahau. Katika Jumuiya yetu tumepanga kwamba kila mgonjwa wa dawa za kudumu ana jirani mmoja anayemuuliza mara moja kwa wiki maswali mawili: umemeza, na kliniki ni lini? Nauli ya kliniki ikikosekana, mfuko wa Jumuiya huchangia. Jambo hili halihitaji mradi wala mfadhili, na kila Jumuiya inaweza kulianza wiki hii.

Ewe unayesoma na mkono umeuweka kifuani, usiogope, wala usipuuze. Hesabu mapigo yako leo, na kesho ukamwone daktari. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, akuombee. Mungu akubariki.